Kutoka Ritongo hadi Darasani: Historia ya Kuwafundisha Watoto wa Shule za Msingi Kujitawala na Kusuluhisha Migogoro katika Ukanda wa Mbalibali, Mkoani Mara

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna ambavyo watoto wa ukanda wa Mbalibali, katika eneo la wilaya za Tarime na Serengeti, wamekuwa wakifundishwa kutuliza nafsi zao na kumaliza ugomvi bila ya kupigana, tangu enzi za malezi ya kijadi hadi mitaala ya karne ya 21. Hoja inayojengwa ni kwamba eneo hili halijawahi kukosa mafunzo ya kujitawala. Kilichopungua ni upana wa mafunzo hayo. Malezi ya jadi yalimfunza mtoto kujizuia ndani ya ukoo wake na kumsifu kwa ujasiri nje ya ukoo huo. Shule ilipanua mpaka wa undugu kwa maneno, lakini kwa matendo ilitegemea fimbo. Insha inahitimisha kwamba mafanikio ya mafunzo ya amani katika shule za msingi yatategemea kuoanishwa kwa mambo matatu: yaliyoandikwa katika muhtasari wa somo, namna mwalimu anavyoadhibu, na namna watu wazima wa koo jirani wanavyosuluhishana mbele ya watoto wao.

1.0 Utangulizi

Mbalibali ni kata ya Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara. Katika insha hii jina hilo linatumika kwa maana pana kidogo, yaani ukanda wa vijiji vya wakulima na wafugaji unaohusisha wilaya za Serengeti na Tarime, ambamo Wakurya, Wangoreme na majirani zao wamekuwa wakiishi, wakioana, wakiuziana mifugo na wakati mwingine wakiibiana na kupigana. Mto Mara, unaotoka Kenya na kupita katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kabla ya kuelekea Ziwa Viktoria, unagawa sehemu kubwa ya eneo hili. Upande wa mashariki upo mpaka wa Hifadhi, iliyotangazwa mwaka 1951; upande wa kaskazini upo mpaka wa kimataifa kati ya Tanzania na Kenya. Kwa hiyo, mtoto anayekulia hapa anazungukwa na mipaka ya kila aina: ya ukoo, ya wilaya, ya hifadhi na ya nchi.

Maandishi mengi kuhusu eneo hili yameshughulikia wizi wa mifugo, mapigano ya koo, ukeketaji na, tangu mgodi wa dhahabu wa North Mara ulipoanza uzalishaji huko Nyamongo mwaka 2002, migogoro ya ardhi na madini. Mtoto anapotajwa katika maandishi hayo hutajwa zaidi kama mhanga. Ni mara chache anatazamwa kama mwanafunzi wa ugomvi na wa amani, yaani mtu anayejifunza, siku baada ya siku, afanye nini anapokasirishwa. Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa hapa.

Insha inaongozwa na maswali matatu. Kwanza, je, kabla ya shule mtoto alifundishwa na nani kujizuia, na kwa njia zipi? Pili, shule ya kikoloni, ya misheni na ya Ujamaa ilibadili nini katika mafunzo hayo? Tatu, kwa nini mafunzo rasmi ya amani yaliyomo katika mitaala ya sasa hayajaleta matokeo yaliyotarajiwa, na historia inaelekeza wapi? Mbinu iliyotumika ni ya uchambuzi wa maktabani: maandishi ya kianthropolojia na kihistoria kuhusu Wakurya na majirani zao, sheria na kanuni za elimu, pamoja na sera na mihtasari ya masomo.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Dhana mbili zinahitaji kufafanuliwa. Ya kwanza ni utulivu wa nafsi. Katika insha hii dhana hii inamaanisha uwezo wa mtu kutambua hasira, hofu au aibu inapoanza kumpanda, kuitazama bila ya kuitii papo hapo, na kuchagua la kufanya. Mafunzo ya aina hii yana mizizi mirefu katika dini za Asia, lakini sura yake ya kisasa inahusishwa na kazi ya Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mwaka 1979 programu ya kuwasaidia wagonjwa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani. Baadaye mbinu hizo zilihamishiwa mashuleni. Hata hivyo, wazo la kumfundisha mtoto kutulia si geni katika historia ya elimu. Maria Montessori alitumia zoezi la kimya darasani mapema katika karne ya 20, na katika miaka ya 1930 alitoa mihadhara akidai kwamba amani ya mataifa huanzia katika malezi ya mtoto.

Dhana ya pili ni usuluhishi wa migogoro, yaani utaratibu wa kuwakutanisha wanaogombana, kusikiliza pande zote, kutaja kosa, kulipa fidia na kurudisha uhusiano. Huko New York, Waquaker walianza mwaka 1972 kuwafundisha watoto wa shule za msingi njia za kumaliza ugomvi kwa mazungumzo na michezo. Katika Afrika Mashariki, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliandaa mwishoni mwa miaka ya 1990 programu ya elimu ya amani kwa ajili ya kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya. Baada ya machafuko yaliyofuatia uchaguzi wa Desemba 2007, Wizara ya Elimu ya Kenya nayo iliingiza elimu ya amani mashuleni.

Ni muhimu dhana hizi mbili zisitenganishwe. Mtoto asiyeweza kutulia hawezi kusikiliza. Na mtoto aliyetulia lakini hana baraza la kupeleka shauri lake hubaki amemeza kinyongo. Itaonekana hapa chini kwamba malezi ya jadi ya Mara yaliziunganisha dhana hizi, na kwamba shule ndiyo iliyozitenga.

3.0 Malezi ya Kujizuia Kabla ya Shule

Maandishi ya Malcolm Ruel, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakurya katika miaka ya 1950, yanaonyesha jamii iliyogawanyika katika makundi makubwa ya kieneo, kila moja likiitwa ikiaro. Wanchari, Wairegi, Wanyabasi, Wakira, Watimbaru na wengineo walijitambulisha kwanza kwa ikiaro chao kabla ya kujiita Wakurya. Ndani ya ikiaro kulikuwa na mpangilio wa rika na vizazi. Vijana waliotahiriwa pamoja waliunda rika moja, esaro, na kila mtu alizaliwa katika kizazi chenye jina, kilichoamua nani amheshimu nani na nani anaweza kutaniana na nani.

Kiini cha mpangilio huo kilikuwa ni ensoni, neno la Kikurya ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua kwa urahisi kutokana na neno soni. Ensoni ilikuwa ni haya, lakini haya yenye sheria: kulikuwa na maneno yasiyotamkwa mbele ya watu wa kizazi cha baba, mahali pasipopitwa, na ghadhabu isiyoonyeshwa. Mtoto alijifunza kuuzuia mwili na ulimi wake muda mrefu kabla hajaelezwa sababu. Kwa maana hiyo, ensoni ilikuwa somo la utulivu wa nafsi lisilokuwa na darasa, na walimu wake walikuwa bibi, kaka waliotangulia kutahiriwa na wazee wa boma.

Upande wa usuluhishi, chombo kikuu kilikuwa ni iritongo, ambalo wengi mkoani Mara huliita ritongo, yaani mkutano wa hadhara wa wanaume wa eneo uliosikiliza mashauri ya wizi, mipaka na matusi. Nyuma yake lilikuwapo baraza la siri la wazee, inchama, lililoshughulikia mambo ya mila na laana. Watoto hawakuwa wajumbe wa vyombo hivi. Hata hivyo, mkutano uliofanyika hadharani katika jamii ya wafugaji haukuweza kufichika kwao. Mtoto aliyechunga jirani na mahali pa mkutano aliweza kuona namna mtu mwenye hasira anavyotakiwa kungoja zamu yake, namna mashahidi wanavyohojiwa, na namna fidia ya mifugo inavyofunga shauri.

Pamoja na ubora wake, malezi haya yalikuwa na ukomo. Haya aliyofundishwa mtoto ilimhusu mtu wa ikiaro chake. Nje ya hapo, wimbo na sifa vilimwendea yule aliyeleta ng'ombe. Mvulana yuleyule aliyekatazwa kumjibu mzee wa boma la jirani alitazamiwa kuwa tayari kuvuka mto usiku akitahiriwa. Jambo hili halipaswi kusomwa kama ushahidi wa ukatili wa kuzaliwa nao, kama ilivyopendelewa kusemwa na baadhi ya maofisa wa kikoloni. Mapatano kati ya vibiaro yalikuwapo, ndoa ziliwaunganisha watu wa pande mbalimbali, na viapo vya amani vilifungwa. Lakini mapatano hayo yalikuwa kazi ya wazee. Hayakuwa sehemu ya mafunzo ya kila siku ya mtoto.

4.0 Ukoloni, Soko la Ng'ombe na Shule za Misheni

Mgawanyo wa Afrika Mashariki kati ya Ujerumani na Uingereza mwaka 1886 na 1890 ulichora mstari uliowakata Wakurya katikati. Athari za mstari huo zilikuwa kubwa. Michael Fleisher, aliyefanya utafiti wilayani Tarime katika miaka ya 1990, ameonyesha kwamba wizi wa mifugo wa karne ya 20 haukuwa mwendelezo tu wa desturi ya zamani. Mahitaji ya nyama upande wa Kenya na urahisi wa kuvusha mifugo mpakani viliugeuza kuwa biashara. Ng'ombe aliyeibwa hakuongezwa tena kwenye zizi la shujaa; aliuzwa. Pia Fleisher ameeleza kwamba kijana asiyekuwa na dada wa kutosha wa kumletea ng'ombe wa mahari alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kwenda kuiba. Kwa hiyo, kilichomsukuma kijana mara nyingi hakikuwa hasira bali hesabu. Hoja hii ina uzito kwa mada yetu: mafunzo ya kutuliza hasira pekee hayawezi kuondoa mgogoro ambao chanzo chake ni mahari na soko.

Shule ziliingia katika mazingira hayo kupitia misheni. Waadventista Wasabato walikuwa wameanza kazi mashariki mwa Ziwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wamennonite kutoka Marekani walifungua kituo cha Shirati mwaka 1934, kisha Bukiroba na Mugango, na mwaka 1940 wakafika Nyabasi, katika nchi ya Wakurya. Wamaryknoll wa Kanisa Katoliki walifika Musoma mwaka 1946.

Kuja kwa Wamennonite kunahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu kanisa hilo ni miongoni mwa makanisa ya kihistoria ya amani, ambayo waumini wake hukataa kubeba silaha. Mafundisho hayo yalifika katika jamii iliyokuwa ikitoa askari wengi: Wakurya walijiunga kwa wingi na Kikosi cha Mfalme cha Afrika, na baadaye na jeshi la Tanzania huru. Aidha, mwaka 1942 Shirati ilikumbwa na uamsho wa kidini uliokuwa umeenea kutoka Rwanda na Uganda. Waumini walisimama hadharani, wakataja makosa yao, wakaomba radhi na kurudisha walivyochukua. Ikitazamwa kama utaratibu, toba hiyo ya hadharani ilikuwa na mshabaha na ritongo: kosa lilitajwa mbele ya watu, na uhusiano ulirudishwa mbele ya watu. Tofauti ilikuwa moja, nayo ni kubwa. Waliopatana katika uamsho walitoka katika makabila na koo mbalimbali, na hata kati ya wamisionari na wenyeji. Hapa, pengine kwa mara ya kwanza katika eneo hili, watoto wa familia za waumini waliona watu wazima wasiokuwa wa ukoo mmoja wakiombana radhi.

Hata hivyo, mafunzo hayo hayakuenea sana. Shule za vichakani zilikuwa chache, wanafunzi wake walikuwa wachache zaidi, na wazazi wengi walihitaji wavulana machungani. Pia nidhamu ya shule hizo, kama ilivyokuwa katika shule nyingi za zama hizo, ilisimamiwa kwa kiboko. Mtoto alifundishwa Jumapili kugeuza shavu la pili, na Jumatatu akachapwa kwa kuchelewa namba.

5.0 Ujamaa na Shule ya Wote, 1967–1978

Baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere, mwenyeji wa Butiama katika mkoa huuhuu wa Mara, alitoa mwezi Machi 1967 waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo unakumbukwa zaidi kwa mashamba ya shule. Ni nadra kukumbukwa kwamba ulitaka pia wanafunzi washiriki katika kupanga kazi na kuamua juu ya matumizi ya mapato yake. Katika pendekezo hilo palikuwa na mbegu ya mafunzo ya usuluhishi: watoto wanaogawana jembe na mavuno lazima wagombane, na wakigombana lazima wajifunze kuamua. Mbegu hiyo haikuota vyema. Katika shule nyingi kazi ya mikono ilibaki kuwa zamu ya kulima, na mara nyingine ikawa yenyewe ni adhabu.

Mwaka 1969 Sheria ya Elimu iliziweka shule za misheni chini ya Serikali. Mwezi Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza elimu ya msingi kwa wote itekelezwe kabla ya mwisho wa mwaka 1977. Wakati huohuo operesheni ya vijiji ilikuwa ikiwahamisha watu kutoka maboma yaliyotawanyika na kuwaweka pamoja. Kwa mtoto wa Mbalibali mabadiliko haya mawili yalikuja kama tukio moja: alihamishwa, na alipofika alikuta shule.

Shule hiyo ilileta jambo jipya. Kwa Kiswahili, alichofundishiwa, mtoto aliitwa ndugu na Mtanzania. Somo la siasa lilimfundisha kwamba ukabila ni adui. Lakini uchunguzi wa mpangilio wa makazi unaonyesha udhaifu wa mafanikio hayo. Vijiji vingi vilikusanya watu wa ikiaro kimoja, na shule ya kijiji ikawa, kwa vitendo, shule ya ukoo. Mtoto aliimba umoja wa taifa akiwa amekaa na binamu zake. Yule wa ng'ambo ya mto, ambaye ndiye hasa aliyehitajika kukutana naye, alikuwa akiimba wimbo huohuo katika shule nyingine. Undugu ulipanuliwa katika msamiati kabla haujapanuliwa katika dawati.

6.0 Bunduki, Sungusungu na Fimbo, 1979–2002

Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliwachukua vijana wengi wa Mara. Fleisher anaeleza kwamba baada ya vita bunduki ziliongezeka mikononi mwa wezi wa mifugo wa Tarime, baadhi yao wakiwa askari wa zamani. Mashambulizi yakawa ya kuua zaidi. Kutokana na udhaifu wa polisi na mahakama, wananchi walipokea utaratibu wa Sungusungu, ulioanzia katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutambuliwa kisheria mwaka 1989. Katika nchi ya Wakurya, Sungusungu iliungana na ritongo na kupangwa kwa kufuata vibiaro. Ilipunguza wizi ndani ya ukoo. Lakini, kama ritongo la zamani, nguvu yake iliishia mpakani mwa ukoo. Na pale mwizi alipokimbilia upande wa pili, msako uliweza kugeuka mapigano.

Kwa watoto, kipindi hiki kilikuwa na somo lake. Ritongo la zamani lilimfundisha mtazamaji kusikiliza, kuhoji na kufidia. Sungusungu iliyokamata mshukiwa na kumpiga hadi akiri ilimfundisha kwamba ukweli hutolewa kwa maumivu.

Shule haikutoa fundisho tofauti. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ziliruhusu hadi viboko sita. Kanuni za mwaka 2002 zilipunguza idadi hiyo hadi vinne, zikataka adhabu itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye, kwa kosa kubwa, na iandikwe katika kitabu. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa mara nyingi kama watendaji. Utafiti wa Tobias Hecker na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania, ulibaini uhusiano kati ya adhabu kali za viboko na tabia za ukorofi za watoto. Mwaka 2018, kifo cha mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera baada ya kupigwa shuleni kilizua mjadala wa taifa zima. Mjadala ulipotulia, fimbo ilibaki katika sheria.

Kuna jambo la ziada linalohusu Mara pekee. Msimu wa tohara huangukia likizo ya Desemba. Mvulana aliyeondoka shuleni akiwa mtoto hurudi mwezi Januari akiwa, kwa hesabu ya nyumbani, mwanamume wa rika lenye jina. Shuleni bado ni mwanafunzi wa darasa la sita anayechapwa mbele ya wadogo zake. Ugomvi unaozuka hapo haupaswi kuitwa utovu wa nidhamu tu. Ni mgongano wa mifumo miwili ya heshima ndani ya mwili wa mtu mmoja. Kwa msichana hali ni nzito zaidi, kwa kuwa kinachomngoja Desemba ni ukeketaji, uliopigwa marufuku kwa walio chini ya miaka 18 na sheria ya mwaka 1998. Msichana anayekimbilia nyumba salama za Mugumu au Masanga anakuwa ameingia katika mgogoro na wazazi wake mwenyewe, na hakuna zoezi la kupumua linaloweza kuchukua nafasi ya ulinzi anaouhitaji.

7.0 Amani Kama Somo: Mitaala ya Karne ya 21

Kufutwa kwa ada ya shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na utekelezaji wa elimumsingi bila ada kuanzia Januari 2016, uliwaleta darasani watoto wengi waliokuwa nje. Katika kipindi hicho somo la siasa lilikuwa limekwisha kuachia nafasi somo la uraia, na katika mtaala wa mwaka 2005 liliongezwa somo la Haiba na Michezo. Baadaye mtaala wa Darasa la III hadi la VI ulileta somo la Uraia na Maadili, lililopangwa kwa kufuata umahiri: kuheshimu jamii, kuithamini jamii, kuwa mwajibikaji, kuwa mstahimilivu, kuwa mwadilifu na kudumisha amani. Mabadiliko ya mtaala ya mwaka 2023 yameendelea kuyapa maadili nafasi kwa kuyaunganisha na historia ya Tanzania.

Kwa maandishi, hakuna upungufu mkubwa. Kuwa mstahimilivu kunakaribiana na utulivu wa nafsi. Kudumisha amani kunakaribiana na usuluhishi. Tatizo lipo katika namna umahiri huo unavyopimwa. Mtihani wa Darasa la VII ulikuwa wa kuchagua jibu, na amani iliyopimwa kwa kuchagua jibu hugeuka kuwa orodha ya kukariri. Mwanafunzi anaweza kuijaza orodha hiyo bila ya kosa asubuhi, na jioni akashiriki kumzomea mtoto wa ukoo mwingine kisimani.

Isitoshe, mwaka hadi mwaka jukumu la amani ya eneo lilikabidhiwa vyombo vya ulinzi. Kufuatia mapigano ya koo yaliyosababisha vifo na kuchomwa kwa nyumba wilayani Tarime, Serikali iliunda mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime na Rorya. Hatua hiyo ilihitajika. Lakini ujumbe wake kwa mtoto ulikuwa kwamba amani ni kitu kinacholetwa kwa gari kutoka nje ya kijiji.

8.0 Mjadala

Historia iliyoelezwa inaonyesha vipindi vitatu vya mafunzo, kila kimoja kikiwa na kasoro inayokamilishana na ya kingine. Malezi ya jadi yalikuwa na mazoezi ya kweli lakini yenye mpaka mwembamba. Uamsho wa kidini na shule ya Ujamaa vilipanua mpaka, kimoja kwa watu wachache na kingine kwa maneno zaidi kuliko matendo. Mitaala ya sasa ina mpaka mpana na lugha nzuri, lakini haina mazoezi.

Wapo wanaopendekeza kwamba dawa ni kuingiza mashuleni mazoezi ya utulivu wa nafsi kama yanavyofanyika ng'ambo. Pendekezo hilo lipokelewe kwa tahadhari. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2022, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 wa shule za sekondari, haukuona kwamba mafunzo hayo yaliyotolewa na walimu kwa darasa zima yaliwapa wanafunzi afya bora ya akili kuliko mafunzo ya kawaida ya kijamii na kihisia. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye madarasa madogo, ni vigumu kuamini kwamba zoezi hilohilo litafanya kazi peke yake katika darasa linalozidi kwa mbali kiwango rasmi cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na lenye fimbo mezani.

Kwa upande mwingine, kuwadharau watoto kwa kusema kwamba migogoro ya Mbalibali ni ya watu wazima, ya ng'ombe na ya mipaka, ni kosa pia. Vijana wanaopigana wakiwa na miaka 20 walikuwa Darasa la IV miaka kumi iliyotangulia. Kinachotakiwa ni kurudisha muungano uliokuwapo kati ya kutulia na kusuluhishana. Historia inatoa vielelezo vitatu. Kwanza, ritongo linaweza kuwa mfano wa baraza la wanafunzi, ambamo mtoto aliyekosewa husikilizwa, aliyekosa hueleza, na fidia huwa ni kazi au radhi badala ya kiboko. Sharti ni kwamba wasichana wawe wajumbe kamili, jambo ambalo ritongo la wazee halikulikubali. Pili, ensoni inaweza kutumika kama lugha ya kumfundishia mtoto utulivu, kwa kuwa mzazi anaielewa na haionekani kuwa somo la kigeni. Tatu, shule za koo jirani zinahitaji kukutanishwa kwa michezo, nyimbo na kazi za pamoja, kwa kuwa dawati la ukoo mmoja haliwezi kumfundisha mtoto kuishi na ukoo wa pili.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Huenda ikasemwa kwamba kuitumia mila kama ensoni ni kuifufua pia ile iliyowabagua wanawake na kuwatukuza wezi. Hatari hiyo ipo. Lakini mila hiyo haijafa hata ihitaji kufufuliwa. Inaendelea kumfundisha mtoto kila Desemba. Swali ni kama shule itazungumza nayo au itajifanya haipo.

9.0 Hitimisho

Insha hii ilikusudia kuonyesha kwamba kuwafundisha watoto wa shule za msingi kujitawala na kusuluhisha migogoro si wazo jipya katika ukanda wa Mbalibali. Mafunzo hayo yalikuwapo katika haya ya ensoni, katika hadhara ya ritongo, katika toba ya uamsho wa Shirati na katika ndoto ya Elimu ya Kujitegemea. Yalidhoofishwa na mabadiliko ya soko la mifugo, na silaha, na makazi yaliyoifanya shule kuwa ya ukoo mmoja, na fimbo iliyokanusha kilichofundishwa ubaoni.

Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo ziwasikilize watoto wenyewe, hasa wale wa shule zilizo pande mbili za mpaka mmoja wa ukoo, ili kujua wanajifunza nini wanapotazama watu wazima wakigombana na wakipatana. Kwa watunga sera, pendekezo ni kwamba umahiri wa kudumisha amani upimwe kwa mwenendo wa shule nzima, walimu wakiwamo, na si kwa karatasi ya mtihani. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika ukanda huu mtoto amelelewa na walimu wengi kwa wakati mmoja: mzee, mhubiri, mwalimu, mgambo na mwizi. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba, kati ya hao, wale wanaomfundisha kusikiliza hawampigi wanapomfundisha.